Kabla hujanunua chungu cha okidi, tazama mizizi yake

Okidi yangu ya kwanza nilizawadiwa nilipohamia Dar es Salaam. Ilikuwa na maua meupe kumi na moja, imekaa ndani ya chungu cha kauri cha buluu kinachong'aa. Miezi minne baadaye majani yalilegea, yakakunjamana kama ganda la embe lililokaa sana. Nikadhani ina kiu, nikazidisha maji. Siku niliyoichomoa, mizizi ilibaki mkononi mwangu ikiteleza kama mlenda, yote kahawia, na chini ya chungu mlikuwa na maji ya vidole viwili yaliyovunda. Chungu kile hakikuwa na tundu hata moja. Majani yalikuwa na kiu kweli, lakini mizizi ya kuyanyweshea ilikuwa imeshaoza.

Huu ni mwaka wa tisa tangu siku hiyo, na barazani kwangu Tabata sasa kuna okidi thelathini na kitu. Njiani zimekufa nyingine, na nyingi kati yake ziliuawa na chungu, wala si wadudu wala jua. Ndiyo maana mtu akiniuliza natumia mbolea gani, nami humuuliza kwanza: yako umeipanda kwenye nini?

Okidi nyingi tunazouziwa mijini, yaani Phalaenopsis, Dendrobium, Cattleya na Vanda, kwao hazioti ardhini. Phalaenopsis asili yake ni misitu ya Asia ya kusini mashariki, na huko inakaa juu ya matawi ya miti huku mizizi ikining'inia hewani. Mizizi hiyo imevikwa ganda laini kama sifongo, wataalamu wanaliita velameni. Mvua ikinyesha linafyonza maji papo hapo na mzizi unageuka kijani. Likikauka, mzizi unarudi rangi ya fedha. Mzizi wa namna hiyo ukikaa ndani ya maji siku tatu nne mfululizo hauna pa kuvutia pumzi.

Hata huku kwetu zipo. Aliyekulia Muheza kama mimi atakuwa ameiona okidi chui, Ansellia africana, juu ya miti mikubwa, maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Ukiitazama kwa karibu utaona mizizi yake mingine imesimama wima kama sindano, imezunguka mashina na kufanya kiota kama cha ndege. Majani makavu yanayoanguka yananaswa humo, yanaoza taratibu, na mmea unakula. Imejijengea chungu yenyewe, na ni chungu chenye nafasi tupu nyingi kuliko kitu chochote tunachonunua. (Tafadhali usipande ngazi ukaing'oe. Imeshapungua sana porini kwa sababu ya watu kuing'oa, na biashara ya kimataifa ya okidi zote inadhibitiwa na mkataba wa CITES.)

Kwa hiyo ukisimama mbele ya muuzaji wa vyungu, uzuri wa chungu uweke pembeni kwanza. Kigeuze, tazama chini, jiulize maji yatatokea wapi na hewa itaingilia wapi.

Kwa joto na unyevu wa Pwani, mimi nachagua chungu cha udongo, kile chekundu kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Ukuta wake unapitisha hewa. Maji yanapenya kutoka ndani, yanafuka nje, na yanapofuka yanakipoza chungu, kama vile mtungi wa maji ya kunywa unavyopoa kivulini. Mizizi inaupenda ukuta huo, inaugandama. Na uzito wake ni faida: Dendrobium ina mashina marefu, ikichanua inaelemea juu, na kusi ikivuma kwenye baraza iliyo wazi, iliyopandwa kwenye plastiki nyepesi utaikuta sakafuni.

Tatizo ni kwamba vyungu vingi vya maua vinavyopangwa kando ya barabara vina tundu moja dogo katikati, na hilo linazibwa na kipande kimoja tu cha mkaa ninaojazia chunguni. Nikaamua kwenda kwa mfinyanzi mwenyewe, mama mtu mzima anayefanyia kazi chini ya mwembe, njia ya Kisarawe. Nilimkuta na safu ya vyungu vibichi vikikauka kivulini.

“Shikamoo mama. Naomba unitobolee hivi vitatu, matundu manne chini na sita ubavuni.”

“Marahaba mwanangu. Ubavuni tena? Si maji yote yatamwagika?”

“Ndivyo ninavyotaka, mama. Yamwagike.”

Akanitazama kidogo, kisha akachukua kijiti, akakichovya majini na kukizungusha polepole ukutani mpaka kikatokea upande wa pili. Hakusukuma, alizungusha tu. Baada ya hapo akalainisha ukingo wa tundu kwa kidole gumba, ndani na nje, akanieleza kwamba tundu lenye ukingo mkali ndipo ufa unapoanzia wakati wa kuchoma. Udongo ulikuwa umeshikamana lakini haujakauka. Alisema siku moja zaidi na angekataa kazi ile. Matundu yalikuwa na upana wa kidole changu kidogo.

Kama chungu chako kimeshachomwa, fundi mwenye drili anaweza kukitoboa, ila mwambie azime ile hali ya kugonga, atumie mwendo wa polepole na amwagie maji pale anapotoboa. Nimepoteza viwili kwa fundi mwenye haraka.

Chungu kipya cha udongo kiloweke usiku kucha kabla ya kupanda, kwa sababu kikiwa kikavu kinanyonya maji yote kabla ya mizizi. Halafu kuna suala la maji yenyewe. Wengi wetu Dar tunategemea visima virefu, na maji ya baadhi ya visima yana chumvi. Chungu cha udongo kinaihifadhi chumvi hiyo; baada ya miezi utaona ukoko mweupe mgumu ukutani, na ncha za mizizi zinazougusa zinaungua na kuwa nyeusi. Ukiwa na maji ya aina hiyo, kinga maji ya mvua, au angalau mara moja kwa mwezi mwagia chungu maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yapite tele chini.

Sasa usichukue maneno yangu ya Tabata ukayapeleka Dodoma. Dada yangu anaishi huko, na nilimpelekea Dendrobium mbili kwenye vyungu vyangu vya udongo nikijisifu. Katika kiangazi chao kirefu, Mei hadi Novemba, upepo mkavu ulizikausha hata akimwagilia kila asubuhi. Tulizihamishia kwenye vyungu vya plastiki, naye akawa anamwagilia mara mbili kwa wiki, zikapona. Plastiki inatunza unyevu, hiyo ndiyo kazi yake. Na kama ni mtu anayeanza na Phalaenopsis moja tu, namshauri anunue plastiki inayoonyesha ndani. Utaiona mizizi bila kuichomoa: ya fedha, mwagilia, ya kijani, iache, ya kahawia inayobonyea, toa mmea leo hii. Utando wa kijani ukitanda kwa ndani usiogope, haudhuru mizizi. Plastiki nyeusi usiiweke juani, inachemka.

Ukubwa ndio unaowaponza watu wengi. Tumezoea kumpandia mgomba shimo kubwa, tunadhani okidi nayo ikipewa nafasi itakua haraka. Chungu kikubwa kina katikati yake pasipofikiwa na mizizi, na hapo maji yanakaa bila mtu wa kuyanywa. Kusanya mizizi mkononi, tafuta chungu kinachoizidi sentimita mbili au tatu tu kila upande. Kwa Cattleya na Dendrobium, ambazo hutambaa upande mmoja zikichipua, sogeza sehemu ya zamani ukingoni na chipukizi lielekee kwenye nafasi, likute mahali pa kukua kwa miaka miwili. Vyungu vifupi vyenye mdomo mpana ni bora kwa karibu zote. Wanaokaa Lushoto au Njombe na kuotesha Cymbidium, hiyo ndiyo inataka chungu kirefu, maana mizizi yake ni minene na inashuka chini.

Vanda haitaki chungu kabisa. Nilimwomba seremala wa mtaani mabaki ya fito zisizopakwa dawa, nikazifunga kwa waya zikawa kikapu chenye mianya ya vidole viwili, nikaitundika humo na vipande vichache vya mkaa. Inataka kumwagiliwa kila siku, lakini mizizi yake sasa inashuka zaidi ya mita moja.

Kwa okidi ndogo tumia kifuu cha nazi chenye matundu matatu. Kitaoza baada ya muda, na wewe utatafuta kingine, hakigharimu kitu. Ila ukitaka makumbi ya kujazia, kuwa mwangalifu na yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba: yamejaa chumvi ya bahari. Loweka, mwaga maji, loweka tena, siku nne au tano, ndipo upande. Mimi huchanganya na mkaa, vipande vya ukubwa wa kete ya bao, nikiwa nimeshapepeta vumbi lote.

Chungu cha zamani kabla ya kukitumia tena, kisugue, kisha kiloweke nusu saa kwenye kikombe kimoja cha klorini ya kufulia kwa vikombe tisa vya maji, ukisuuze vizuri na kukianika. Ugonjwa wa okidi iliyokufa unabaki ukutani.

Na kile cha kauri cha buluu bado ninacho. Nakitumia kama vazi: okidi ikichanua naiingiza humo ikiwa ndani ya chungu chake cha plastiki, juu ya kokoto, ikae sebuleni kwa ajili ya wageni. Siku ya kumwagilia naitoa, nainywesha kwenye karo, naiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, ndipo inarudi.

Mwezi uliopita nilipita tena njia ya Kisarawe. Yule mama alikuwa ameniwekea vyungu vitano nyuma ya nyumba, vimeshachomwa, vina matundu chini na ubavuni. “Vyako vile vya kuvuja,” aliniambia. Kimoja nimepandia Cattleya, na kwenye tundu la pili kutoka chini kuna mzizi umetokeza, ncha yake bado kijani.