Kasha la bibi yako

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika. Unasema nyinyi wajukuu mmekubaliana kasha la njumu la bibi yenu, lile la mbao lililopambwa kwa shaba, Mungu amrehemu, lisiuzwe kwa wenye maduka ya Mji Mkongwe, na unaniuliza kama nililete makumbusho, "maana Mama uko huko huko." Tena kwa utundu wako umeongeza kwamba kazi yenyewe ninayofanya huko huijui, ila kufuta vumbi.

Hata hilo vumbi halifutwi ovyo. Ni brashi laini, taratibu, na chombo chenye rangi inayobanduka hakiguswi kabisa. Lakini nikifika asubuhi kwanza naingia ghalani kusoma kipimo cha unyevu na kuandika. Kwa nguo na karatasi tunafundishwa tulenge asilimia 50 hivi. Basi njoo ukisome kipimo hicho mwezi wa Aprili, masika imeshika na bahari ipo hatua chache! Umeme ukikatika, mashine ya kukausha hewa inazima, nami roho juu. Halafu nakagua mitego, vile vikaratasi vya gundi tunavyoweka kwenye pembe za kuta, nione usiku amepita nani: mende, nondo, au wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula karatasi. Kofia ya viua ikishukiwa kuwa na wadudu tunaifunga ndani ya plastiki, inakaa kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri wiki moja au mbili. Shangazi yako aliposikia aliuliza pilau lake linapikwa lini.

Saa zinazobaki ni za kuandika, na hapa ndipo penye kazi. Kila kitu kina namba, na namba ina ukurasa: kimetoka wapi, nani alikileta, kilitumikaje, kina ufa gani. Wageni wanapita mbele ya kabati la vioo, wanapiga picha sahani ya Kichina, wanauliza bei yake. Ukurasa hawauoni, na bila ya ukurasa ile ni sahani tu.

Unakumbuka zile sarafu za Mtambwe Mkuu, kule Pemba? Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vidogo vidogo, vina majina ya watawala wa pwani yetu wenyewe, pamoja na dinari chache za dhahabu za Fatimiya, dola ya Kiislamu iliyotawala Misri zamani. Zilipokuwa zimelala na zilichokuwa zimelala nacho viliandikwa, ndiyo maana wataalamu waliweza kujua kuwa ni za karne ya 11. Angeziokota mtu akaziuza moja moja kwa sonara, zingeyeyushwa zikawa vikuku, na habari ingekwisha hapo.

Sasa kasha. Jibu langu ni hapana, kwa sasa. Kwanza si lenu. Baba yako yu hai na shangazi zako wapo. Hao ndio warithi, nyinyi wajukuu mnapiga kelele tu. Makumbusho haipokei kitu mpaka wenyewe wote watie saini hati ya kukabidhi, la sivyo baada ya miaka kumi anatokea binamu na wakili. Pili, mimi siwezi kuwa mpokeaji. Mhifadhi hajipitishii mali ya nyumbani kwake. Likiletwa, wataamua wenzangu na mimi nitatoka chumbani. Na tatu, nikuambie ukweli, makasha ya njumu si haba. Mengi yaliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi, na mengine yalitengenezwa hapa hapa. Ghala halina nafasi ya kasha jingine lisilojulikana lilikotoka.

La bibi yako linajulikana, ila limo vichwani mwa wazee, na wazee wenyewe ndio hao. Kwa hiyo kaa na shangazi yako mkubwa, washa simu urekodi. Muulize liliingia nyumbani kwa harusi ya nani, nani alilinunua, ndani kuliwekwa nini na kwa nini kidroo cha siri hakifunguki. Akijipinga kwenye maelezo, usimsahihishe. Andika kama alivyosema, na jina lake na tarehe. Piga picha kila upande, na chini pia. Ukishanipa hayo, watu wazima watakaa waamue.

Na leo hii lisogezeni kutoka kwenye ule ukuta unaovuja. Linyanyueni kwa chini, si kwa vipini, na chini ya miguu wekeni vibao lisigusane na sakafu. Shaba isisuguliwe kwa ndimu na majivu, inalika. Mwambie shangazi yako hilo mapema, maana namjua, ndimu ameshazikata.

Mama yako