Mtu Huachaje Timu?

Pangani, Nairobi
Julai 2025

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilitoka nje, mama yako asije akakusikia ukilia kwa sababu ya mchezo. Unasema Mitch Marner, nyota wa Toronto Maple Leafs, timu yenu ya hoki ya barafu huko Kanada, amehamia timu ya Las Vegas. Unasema jezi yake, ile namba 16, uliinunua kwa malipo ya zamu mbili za usiku, na sasa hujui uitupe au uifanye tambara la kupigia deki. Kisha ukauliza: "Baba, mtu huachaje timu? Wewe ulipoacha mpira wa magongo, ulifanyaje?"

Hapo kwenye swali la pili ulinigusa moyoni. Sikujua kwamba ulijua niliwahi kuacha.

Kwanza ujue kwamba mechi ile ya saba na Florida, ya mwisho katika mfululizo wa kutoana, niliiona. Kwenu ilikuwa Jumapili jioni, kwetu saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Nililala mapema kama kuku, nikaamka gizani, nikajifunika blanketi sebuleni na simu mkononi. Mlikuwa mmeanza kwa kushinda mechi mbili za mwanzo, wao wakashinda tatu mfululizo, mkajikomboa kwenye ya sita, na hii ya saba mkachapwa sita kwa moja mbele ya watu wenu. Nilipoona jezi zikirushwa barafuni nilizima simu nikaenda kubandika chai. Kusema kweli, hicho kidude cheusi mnachokiita paki bado kinanipotea. Mimi humtazama kipa tu: akigeuka kuangalia nyuma yake, najua mambo yameharibika.

Wewe unasema timu yenu ina laana. Tangu 1967 hawajalishika Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi yenu, na mwaka ule ligi nzima ilikuwa na timu sita tu. Nakumbuka ulivyonipigia simu Mei 2013, mgeni kabisa huko, hata koti la maana huna, ukaniambia mlikuwa mnaongoza Boston nne kwa moja katika kipindi cha mwisho na bado mkatolewa. Nilikuuliza, "Sasa wewe ni Toronto tangu lini?" Ukasema tangu jana. Nikajua umekwisha.

Lakini laana mimi siiamini. Nimeishi na timu iliyoanguka kutoka juu kuliko yenu, na kila hatua ya kuanguka kwake naweza kukuonyesha ilipotokea.

Babu yako, unavyojua, alikuwa mtunza uwanja katika klabu moja ya Wahindi huku Ngara. Alikata nyasi, akaviringisha lile gogo la chuma, akachora mistari kwa chokaa. Mimi nilikuwa mwokota mipira. Mpira wa magongo wa siku hizo ulikuwa wa ngozi, umepakwa rangi nyeupe, na ukikupiga kwenye muundi unaona nyota mchana. Wachezaji walikuwa Masingasinga na Wagoa, Waafrika tukiwa nje ya mstari, na hilo silipambi. Ila Jumamosi jioni, wakubwa wakishaondoka, tulitwaa magongo yaliyovunjika, tukayafunga kwa kamba na kucheza mpaka giza lituzuie. Gongo langu la kwanza lilikuwa nusu gongo.

Na wale watu walijua mchezo, mwanangu. Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, nchi haijatimiza hata mwaka tangu ipate uhuru, Kenya ikamaliza ya sita duniani. Mwaka 1971 lilipochezwa Kombe la Dunia la kwanza kabisa, kule Barcelona, tulifika nusu fainali. Tukafungwa na Uhispania, wenye nyumba, kisha India wakatunyang'anya nafasi ya tatu. Wa nne duniani! Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na mitano. Babu yako alikata picha ya timu gazetini akaibandika ndani ya mlango wa kabati kwa uji wa unga. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, ambaye alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Nilikuwa nikimwona akikaba nikadhani mpira una deni naye.

Kisha watu wakaondoka. Kwa kweli walishaanza kuondoka kabla hata ya Barcelona. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwaambia Wahindi wengi, bila kutaja majina, kwamba hapa si kwao tena. Familia moja baada ya nyingine iliuza viti na makabati ikapanda ndege kwenda Uingereza na Kanada. Jumamosi moja unaenda klabuni, yule wa pembeni kulia hayupo. Mwezi unaofuata hayupo kipa. Wachezaji kadhaa wa kikosi cha miaka ya sitini wamezeekea huko huko uliko. Ukimkuta mzee Mgoa Mississauga au Scarborough anayetembea ameinama kama anatafuta sarafu, mtajie Barcelona uone macho yake.

Pigo la pili lilikuwa kapeti, na hili watu hulisahau. Michezo ya Montreal mwaka 1976 ndiyo Olimpiki ya kwanza ambapo magongo yalichezwa juu ya nyasi bandia. Kenya haikuwepo. Nchi nyingi za Afrika zilisusia kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 tukasusia tena, safari hii Moscow, kwa kuwafuata Wamarekani. Yaani mchezo mzima ulihamishwa nyumba sisi tukiwa hatupo. Juu ya nyasi, mpira hudunda na kukwama, na fundi wa mkono ndiye mfalme. Juu ya kapeti, mpira hukimbia kama umepakwa mafuta, na mwenye mbio na pumzi ndiye bwana. Kapeti moja ni mamilioni ya shilingi, inataka maji, inataka kubadilishwa ikichakaa. Sisi tulikuwa mafundi wa mkono katika nchi ya nyasi na murram. Nani aliyeturoga hapo?

Hata hivyo tulipata siku yetu. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilikuja Nairobi. Kila mtu alikimbilia Kasarani, uwanja mpya unanukia rangi, na kila mtu akatoka huko amenuna kwa sababu Harambee Stars walifungwa na Misri goli moja kwenye fainali. Sisi wachache wa magongo tulitwaa dhahabu. Dhahabu, mwanangu, na pamoja nayo tiketi ya kwenda Olimpiki ya Seoul mwaka uliofuata! Niliimba njia nzima kutoka Parklands mpaka Pangani. Mama yako, tumeoana hata mwaka haujaisha, alinifungulia mlango akaniuliza nimekunywa nini.

Wewe ulizaliwa mwaka wa Seoul. Nilikopa kwenye chama nikanunua televisheni, ile ya vitufe vya kuzungusha, nikamwambia mama yako ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto mwenyewe una miezi minne! Timu kumi na mbili zilishiriki, na sisi tukawa wa kumi na mbili.

Nilichofanya ni hiki: nilitoa gongo langu, lile la mbao ya mforosadi nililokuwa nikilipaka mafuta ya kitani kila mwezi, nikampa kijana wa jirani na kumwambia mimi na mchezo huu basi. Nikaapa mbele ya mama yako. Jumamosi iliyofuata nilikuwa klabuni nimesimama nyuma ya goli, na huyo kijana yuko ndani anatumia gongo langu vibaya. Nilimpigia kelele mpaka nikakaukiwa na sauti.

Kwa hiyo hapo sikuacha. Niliacha baadaye, na hata sikumbuki ni siku gani. Kiwanda cha uchapaji nilichokuwa nikifanyia kazi kule Industrial Area kilianza kutupa kazi za ziada Jumamosi, karo zako na za kaka yako zikawa zinakuja kwa pamoja, nikakosa mechi moja. Nikakosa ya pili. Afrika Kusini ikarudi michezoni, na tiketi ya Afrika ya kwenda Olimpiki ikawa kama imeandikwa jina lao. Mimi nilikuwa nikisoma habari hizo gazetini kama mtu anayesoma bei ya kahawa. Siku moja ndani ya matatu, jamaa tuliyekuwa tukikaa naye uwanjani akaniuliza, "Jana umeionaje?" Nikamwuliza, "Jana kulikuwa na nini?" Akanitazama, kisha akageukia dirishani. Hakunisemesha tena mpaka aliposhuka.

Ndiyo hivyo mtu huacha, mwanangu. Hakuna kilio wala jezi ya kurusha. Umeniuliza nilifanyaje, na jibu ni kwamba sikufanya kitu. Wale waliorusha jezi barafuni usiku ule, weka pesa yako, Oktoba watakuwa kwenye viti vile vile. Na wewe, unayenitumia ujumbe wa dakika kumi na moja kuhusu mtu aliyehama kazi, hujaanza hata kufunga mizigo.

Kilichonirudisha ni wewe, ingawa najua hukumbuki. Ulikuwa na miaka minane. Mama yako alitutuma sokoni City Park tununue kabeji na machungwa, ukanisumbua twende ukaone tumbili. Tumbili mmoja akakupokonya chungwa, ukaangua kilio, na katikati ya kilio chako nikasikia ile sauti: ta! Gongo likipiga mpira. Sauti hiyo ukiisikia utotoni haikutoki. Nikakushika mkono tukaifuata mpaka uwanjani. Walikuwa wanacheza wasichana, mechi ya ligi, watazamaji labda thelathini ukijumlisha makocha na muuza karanga. Ulinyamaza papo hapo. Ukaniuliza, "Baba, wetu ni wepi?"

Sikuwa na wetu. Nilikuwa sijui hata timu ni zipi. Nikakuonyesha wenye bluu kwa sababu ndio waliokuwa karibu, na wakafungwa tatu. Ulilia upya, mimi nikacheka, tukafika nyumbani jioni bila kabeji. Mama yako mpaka leo anaitaja kabeji ile.

Tangu siku hiyo sijakaa mwezi bila kufika pale, ila nilipolazwa. Kenya ya wanaume haijarudi Olimpiki tangu Seoul, na sidhani nitaiona ikirudi. Kwa upande wa wanawake tumekula raha kidogo: wale waliocheza kwa jina la Telkom walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi mpaka vikombe vikawa ni mazoea, na bado viti vilikuwa vitupu. Watu huniuliza kwa nini naendelea. Mimi huwaambia napenda kivuli cha pale. Ni kweli, kivuli cha pale ni kizuri.

Sasa juu ya Marner, utanisamehe, baba yako ana maoni. Ligi yenu iliweka kikomo cha mishahara ya timu tangu 2005. Ninyi mkachukua takriban nusu ya mfuko huo mkawapa watu wanne. Hapa Pangani hata chama cha akina mama kinajua ukiwapa wanne nusu ya mfuko, wengine watakuja mkutanoni wamechoka. Kwa hiyo kijana kuondoka si usaliti. Hesabu ilikuwa imekataa siku nyingi. Kuhama si dhambi katika familia hii, au umesahau wewe uko wapi?

Juzi mpwa wako alinipeleka kwenye ile hoteli ya Barabara ya Mombasa yenye kiwanja cha barafu, nikajionee mchezo wenu ulivyo. Vijana wetu wa Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu, hujifunzia hapo, kiwanja kidogo ukilinganisha na vyenu, na mwaka jana Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Nikavaa viatu vile vya visu. Nilishika ukingo kwa mikono miwili kama mtu anayevuka Nairobi River kipindi cha mvua, nikaenda hatua sita, nikakaa chini bila kupenda. Kiuno bado kinanikumbusha. Lakini nilimwona binti mmoja, hazidi miaka kumi, akipiga paki ukutani na kuipokea, anapiga na kuipokea, peke yake. Mlio si ule wa mbao na ngozi. Nilikaa kumsikiliza mpaka mpwa wako akaniita twende.

Jezi usiitupe. Julai hii baridi ya Nairobi imekuja na hasira, na mama yako analalamika kwamba sweta zote za nyumba hii nimezivaa mimi. Mpe yule rafiki yako anayekuja Agosti atuletee. Mama yako hajui Marner ni nani wala kahamia wapi, na atakwenda nayo sokoni City Park akiwa amejifunga leso juu yake. Ukinunua nyingine, angalia kwanza mkataba wa mwenye jina unaisha lini.

Baba yako