Anza na vijiko viwili

Wiki hii mmeuliza: “Nimeacha nyama, nakula maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, lakini tumbo linajaa gesi na kuniuma. Je, nirudi nilikotoka?” Jibu langu: usirudi, ila punguza mwendo.

Yalinikuta hayo hayo. Nilibadilisha mlo kwa siku moja: asubuhi uji wa shayiri wenye mbegu, mchana dengu, jioni bakuli la maharage na kabichi mbichi pembeni. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tumbo lilikaza kama ngozi ya ngoma. Lililonitia hofu zaidi ni kwamba choo kilifunga, na mimi nilikuwa nimeambiwa nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea ambazo mwili haumeng'enyi, hulainisha choo.

Baadaye ndipo nikaelewa. Maharage na jamii yake yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha. Hapo ndipo gesi inapotoka. Lakini bakteria hao hao, wanapochachusha nyuzinyuzi, hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kwa hiyo gesi si dalili kwamba chakula ni kibaya. Mimi niliwapelekea kazi ya mwezi mzima kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja tu cha maharage yaliyoiva kinaweza kuwa na gramu 11 hadi 15. Aliyezoea kula kidogo akianza na vikombe viwili, lazima tumbo lilalamike. Nilishuka hadi vijiko viwili vya maharage kwa siku, nikakaa hapo wiki nzima, ndipo nikaongeza kijiko kimoja. Ilichukua zaidi ya mwezi kufika bakuli zima, na sijutii hata siku moja ya huo mwezi.

Kuhusu kile choo, kosa lilikuwa maji. Nyuzinyuzi hunyonya maji. Ukila nyingi na kunywa kidogo, choo kinakuwa kigumu.

Jikoni nako kuna kazi. Loweka maharage usiku kucha. Asubuhi utaona maji yamebadilika rangi na vipovu vimejipanga ukingoni mwa sufuria. Sehemu ya zile sukari imo humo. Mwaga, suuza, chemsha kwa maji mapya. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto, kwa sababu yasipoiva yana lektini, sumu ya asili ya maharage, inayoweza kukutapisha vibaya. Mimi hupima kwa ulimi: punje ikisagika kwenye kaakaa bila kutumia meno, imeiva. Kabichi nayo nikaanza kuipika, nikaona nafuu.

Tafadhali, usivumilie kila kitu kwa kudhani ni mlo mpya. Damu kwenye choo, uzito kupungua bila sababu, kutapika, au maumivu yanayokuamsha usiku, hayo ni ya kumwona daktari mara moja.

Cha mwisho ni daftari. Andika ulichokula, saa, na tumbo lilivyokuwa. Nilikuwa nayalaumu maharage, kumbe kurasa zangu zilionyesha kwamba siku mbaya zaidi zilikuwa za vitunguu vibichi. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina fruktani, aina ya wanga tusioweza kuuvunja, nazo pia huchachuka utumboni. Bahati nzuri fruktani huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Siku hizi navikaanga vipande vikubwa kwenye mafuta hadi viwe rangi ya dhahabu, naviopoa vyote kabla ya kutia kitu chenye maji, kisha namimina dengu. Harufu na ladha hubaki, na alasiri yangu hupita salama.