Mjusi chui ameacha kula tangu kipupwe kianze

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, naishi Shangani, Mtwara. Kaka yangu alipohamia Dodoma aliniachia mjusi chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi. Tangu kipupwe kianze anakula kwa kusuasua, na wiki hii hajagusa hata panzi ninaomkamatia shambani, kwenye mikorosho. Sandukuni mwake nimemtandazia mchanga wa ufukweni. Majirani wanasema ana sumu, nimtupe. Nifanyeje?

JIBU: Dada yetu, tafadhali usimtupe. Mjusi chui hana sumu, na asili yake ni nchi kame zenye mawe, kama Pakistan na Afghanistan, kwa hiyo ukimwachia vichakani utakuwa umemuua.

Sababu ninayoishuku kwanza ni baridi. Mjusi hutegemea joto la nje ili chakula kisagike tumboni, na usiku wa Julai hapo Mtwara joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, kiwango ambacho kwetu ni raha lakini kwake ni kidogo mno. Upande mmoja wa sanduku, sakafu iwe na nyuzi 31 hadi 33, kwa kutumia mkeka mdogo wa umeme wenye kifaa cha kudhibiti joto, na upande wa pili ubaki na nyuzi 25 hivi ili achague mwenyewe pa kulala. Mkeka usio na kidhibiti humuunguza tumbo.

Mchanga uondoe leo hii, kwani huumeza pamoja na windo ukamziba utumbo; vigae au magazeti yanatosha.

Kuhusu panzi wa mikoroshoni, nakusihi uache kabisa. Huu ndio msimu ambao wakulima wa Mtwara na Lindi hupulizia mikorosho salfa na viuatilifu, na panzi aliyekula jani lenye dawa humpelekea mjusi sumu hiyo. Fuga nyenje au funza wa unga nyumbani, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, na uwapake unga wa kalisi kabla ya kumpa, maana bila kalisi mifupa hulainika na miguu hupinda.

Kisha tazama mkia, ambao ndio ghala lake la mafuta. Ukiwa bado mnene, mjusi mzima huweza kukosa mlo wiki moja au mbili bila kudhurika. Ukianza kukonda, au asipopata choo, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kinyesi chake kipimwe minyoo. Usimshike kwa mkia, kwa sababu hukatika, na unaoota baadaye huwa butu.

Hewa ya pwani ina unyevu tayari, kwa hiyo usimnyunyizie maji. Mwekee kikopo chenye kitambaa kibichi cha kujificha anapojivua ngozi, na akimaliza kagua vidole, kwani ngozi iliyobaki hapo hukaza hadi kidole kikafa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomgusa, kwa kuwa mijusi hubeba vimelea vya salmonela hata wakiwa wazima.