Jibu: wanafunzi kumezwa na vyama? Tazama Serbia

Ndugu yangu, umeuliza kama wanafunzi wakishirikiana na upinzani chini ya udikteta ni lazima wamezwe na vyama. Si lazima. Tazama Otpor, vuguvugu la wanafunzi wa Serbia, lililoanzishwa Belgrade Oktoba 1998, miezi michache baada ya sheria mpya kuviweka vyuo vikuu mikononi mwa serikali ya mtawala wa kimabavu, Slobodan Milošević. Wapinzani walikuwa hoi kwa ugomvi wao: umoja wa vyama vyao, Zajedno, walioshinda nao miji mikubwa 1996, ulisambaratika mwaka uliofuata. Vijana hawakuingia chama chochote. Waliwabana wanasiasa waungane, wakawabana kwelikweli, hadi vyama 18 vikasimama nyuma ya mgombea mmoja wa urais, Koštunica. Vijana wenyewe wakabaki na kazi ya mtaani: ngumi, nembo yao, iliyochorwa ukutani, na vibandiko vya maneno mawili tu, "Gotov je", yaani "amekwisha", vikibandikwa juu ya mabango ya Milošević mwenyewe. Septemba 2000 akashindwa kura, akang'ang'ania. Oktoba 5 umati ukaingia bungeni.

Kinachoniuma ni cha baadaye. Mwaka 2003 Otpor iligeuka chama, ikagombea peke yake, na haikupata hata kiti kimoja.