Kwa Msomaji Aliyeniomba Ratiba Kali ya Chakula

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiniomba nimpangie ratiba ya chakula, tena iwe kali, kwa maelezo kwamba kila anapogombana na mtu au anaporudi kutoka kazini akiwa amechoka hujikuta jikoni anakula mpaka tumbo linamuuma, na kesho yake hujiadhibu kwa kushinda na njaa. Ratiba hiyo sitampa, na ninamwomba asikilize sababu yake kabla hajakasirika.

Mimi nilianza kujibana baada ya ndugu wa karibu kuitazama sahani yangu mbele ya wageni na kusema kwamba ingetosha watu wawili. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Tangu hapo nikawa mtu wa nidhamu mezani: nilijipakulia kidogo, nikasifiwa, nikaacha kifungua kinywa, nikasifiwa zaidi. Usiku hakuna aliyeniona. Wenzangu walipokwisha kulala niliingia jikoni bila kuwasha taa, nikauinua mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili ili usigonge, nikala nimesimama kwa upawa uleule wa kupakulia, mchuzi ukiwa umepoa na mafuta yameganda juu. Baada ya mara mbili tatu sikuisikia tena ladha yoyote. Nilichokuwa nakifuata pale ni zile dakika chache ambazo kichwa changu kilinyamaza, kabla hakijaanza kunitukana upya. Yule ndugu hajui lolote kati ya haya, na sioni haja ya kumweleza, ila hadi leo nikikaa naye meza moja hupakua kwa makusudi sahani ya kushiba.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo langu ni udhaifu wa nia, mpaka niliposoma habari za utafiti uliofanywa na mwanasayansi Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wa kiume waliojitolea, waliochaguliwa kwa sababu walikuwa na afya njema ya mwili na ya akili, walipunguziwa chakula kwa takriban nusu kwa muda wa miezi sita. Haukupita muda, chakula kikatawala mawazo na mazungumzo yao. Wapo waliojikusanyia vitabu vya mapishi, na waliporuhusiwa kula watakavyo wapo waliokula kupita kiasi na bado wakalalamika kwamba hawajashiba. Ikiwa njaa iliwafanya hivyo vijana wazima waliochujwa kwa makini, sisi tunaoruka milo miwili na kurudi nyumbani na hasira za mchana kutwa tunashangaa nini? Msongo wa mawazo unapodumu, homoni ya kotisoli huongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu na vyenye mafuta, na mwili ulioshinda na njaa hauna cha kuizuia hamu hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza mchana. Kula asubuhi hata kama jana usiku ulikula kupita kiasi, na hasa kama ulikula kupita kiasi, kwa kuwa mfungo wa adhabu ndio unaoandaa usiku mwingine wa namna ile. Hamu ikikujia baada ya ugomvi, jiulize ni nani aliyekuudhi na umemjibu nini. Ukiona bado unataka kula, washa taa, pakua kwenye sahani, keti. Na acheni kujisifia njaa, maana wengi wanaohubiri kwamba mtu ajizuie tu hawajawahi kuulizwa yao ya usiku.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kujidekeza. Mwaka 2007 watafiti wa saikolojia Claire Adams na Mark Leary walichapisha utafiti ambamo wanawake walipewa donati wale, kisha baadhi yao wakaambiwa wasijilaumu kwa kuwa kila mtu hula vitu kama hivyo mara mojamoja. Kati ya wale wenye tabia ya kujibana, walioambiwa maneno hayo walikula peremende chache baadaye kuliko wasioambiwa kitu. Neno la upole liliwapunguzia ulaji, jambo ambalo miaka yangu yote ya kujitukana haikulifanya.

Hata hivyo, ukiona unashindwa kabisa kuacha ukishaanza kula, jambo hilo likijirudia karibu kila wiki, au ukijitapisha baadaye, usiishie kwenye ushauri wangu. Ulaji wa kupindukia unaojirudia hivyo, hata bila kujitapisha, umetambuliwa kuwa ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu mwaka 2013, na una tiba. Nenda kwa daktari, na umweleze yanayotokea usiku kabla hajakupandisha kwenye mizani.