Maswali Yenu: Watoto wa Shambani na Ukatili kwa Wanyama, Uingereza ya Malkia Victoria

Watoto walianza kazi za shamba na umri gani?

Miaka 6 au 7 haikuwa ajabu. Joseph Arch, aliyeanzisha chama cha vibarua wa mashamba mwaka 1872, alianza na miaka 9: kuamia ndege kwa muda wa saa 12, ujira peni 4 kutwa.

Ni kweli Waingereza walimlinda ng'ombe kabla ya mtoto?

Naletewa hili kila mara, na kila mara muulizaji hajatazama miaka. Sheria ya ukatili kwa mifugo ni ya 1822. Ya wanagenzi, yaani watoto waliowekwa kujifunza kazi katika viwanda vya pamba, ni ya 1802. Dhaifu, lakini ilikuwapo. Aliyesahauliwa ni mtoto wa shambani. Kule Norfolk na Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, nyapara alikusanya wanawake na watoto, akawatembeza maili kadhaa hadi shambani, wakapalilia na kuokota mawe mpaka mgongo ukakakamaa. Mwaka 1867 ndipo walio chini ya miaka 8 walipokatazwa kuingia katika vikundi hivyo, na nyapara akatakiwa leseni. Mkulima aliyeajiri kikundi chake mwenyewe hakuguswa. Sheria ya 1873 ilikusudiwa kuziba pengo hilo, lakini hakuteuliwa mtu wa kuisimamia. Msinisomee sheria bila kuuliza nani aliitekeleza.

Kijana aliyekata kano za farasi wa bwana wake alishtakiwa kwa ukatili?

Hapana. Ukatili, kwa sheria ya 1849, ulikuwa na faini isiyozidi pauni 5. Pauni ilikuwa shilingi 20, basi kwa kibarua wa shilingi 10 kwa wiki, hiyo ni mishahara ya wiki 10. Kumlemaza farasi wa mtu kwa makusudi kulikuwa uharibifu wa mali, na kwa sheria ya 1861 kifungo kilifika miaka 14 ya kazi ngumu. Kilichopimwa ni hasara ya mwenye farasi. Maumivu ya mnyama hayakuingia kwenye hesabu.

Mbona watoto wale walikuwa wakatili hivyo?

Nani kasema? Mvulana wa miaka 10 aliongoza farasi wa plau kutwa nzima, na aliyeshika plau akimchapa akizubaa. Akimpiga farasi, kajifunzia hapo hapo. Bwana aliyewinda mbweha kwa mbwa hakuwa na kesi, maana sheria ilihusu wanyama wa kufugwa tu. Mwaka 1868 mwanafalsafa John Stuart Mill alikataa umakamu wa rais wa chama cha kutetea wanyama, akilalamika kwamba kinawaandama wanyonge peke yao.